Mbinu za utafiti wa uzamili wa elimu: someni hapa kabla hamjanipigia

"Nitumie mbinu gani kwenye utafiti wangu?" Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Naandika mara moja.

1. Andika swali lako la utafiti kwa sentensi moja. Limekushinda? Usiguse hojaji (karatasi ya maswali ya kujaza).

2. "Wangapi" huenda na mkabala wa kiidadi (wa kuhesabu); "kwa nini" na wa kitaamuli (wa kusikiliza maelezo ya watu). Ukichanganya, kazi ni mara mbili.

3. Hapa ndipo nilipoumia. Nilitaka kujua kwa nini wanafunzi wa shule moja ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Sengerema, wanatoroka. Walikuwa 480, fomula ya Yamane (ya kukokotoa uhoji wangapi), kwa kosa linaloruhusiwa la 0.05, ikanipa 218. Nikachapa hojaji 218. Watoto wakaweka vema "nakubali sana" kuanzia juu mpaka chini. Mmoja aliweka hadi kwenye maelekezo. Msimamizi akauliza, "Kwa hiyo wanatoroka kwa nini?" Kimya. Jibu lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio: siku za giza darasa tupu, mbalamwezi ikirudi linajaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, asubuhi watoto wanaanika. Nikarudi kuhoji wazazi 12, tena wakati wa mbalamwezi, wakiwa wamelala vya kutosha. Hojaji usiichague kwa kuwa ni rahisi kuhesabu, wala usikusanye data wiki moja tu ya mwezi.

4. Jaribu zana zako (hojaji au maswali ya mahojiano) kwanza kwenye shule nyingine.

5. Vibali: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, mwalimu mkuu. Anza mapema.

MASWALI

– Mkuu, naomba hiyo hojaji yako, nina haraka.
– Ile iliyoniangusha? Rudi namba 1.
– Kaka mbona mkali, nimeuliza tu.
– Mada yako ni ipi?
– Bado sijapata.
– Haya.

– Watu 12 si wachache?
– Kwa hojaji, wachache mno. Kwa mahojiano, unaangalia kama bado unasikia jipya. Mimi kuanzia wa tisa yalikuwa yaleyale.

– Mimi niko Ukerewe. Bibi zangu hawa niwahoji kwa Kiswahili au Kikerewe?
– Dada, swali zuri hilo. Waache waseme Kikerewe, rekodi kwa ridhaa yao, tafsiri, kisha mtu mwingine airudishe Kikerewe bila kuona ya kwanza. Matoleo mawili ya Kikerewe yakipishana, hapo pana jambo. Ukihoji watoto, pata idhini ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Na rekodia ndani. Upepo wa ziwa ulinilia mahojiano mawili.

– Simu ivalishe soksi, upepo hausikiki.
– Soksi safi lakini.