Kuchomelea stenlesi ya 304 na 316 bila kuharibu kinga yake

Kinachozuia kutu kwenye stenlesi ni kromi. Inajenga utando mwembamba usioonekana, na ukikwaruzwa unajirudi wenyewe palipo na oksijeni. Nikeli nayo huipa stenlesi umbo la austeniti, yaani mpangilio wa atomi unaoifanya iwe laini na imara, ndiyo maana inakunjika vizuri na haikatiki kama kioo hata kwenye baridi ya nyuzi -196. Joto la kuchomelea ndilo adui.

Hatua 1: Chagua daraja. 304 ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli 8. 316 huongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, basi chukua hiyo penye chumvi. Kwa kuchomelea, tafuta yenye herufi L, kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Chuma kikikawia kati ya nyuzi 425 na 850, kaboni hunyakua kromi kwenye mipaka ya chembe, na kutu hula kando ya mshono huku mshono wenyewe unang'aa. Usipime kwa sumaku tu: 304 iliyokunjwa huvutwa kidogo pale kwenye kona.

Hatua 2: Tenga zana. Brashi na jiwe la grenda vilivyogusa chuma cha kawaida visiguse hapa.

Hatua 3: Shikiza kwa pointi za karibu karibu. Stenlesi hii hutanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cha kawaida, na joto halisambai upesi. Bati litajikunja, ubishi hausaidii.

Hatua 4: Choma. Ampea ndogo, mwendo wa haraka, bila kuyumbisha mkono. Waya wa kujazia mshono ni 308L kwa 304L, 316L kwa 316L; ukiunganisha na chuma cha kawaida, 309L. Kabla ya kupitisha mshono mwingine, acha ipoe chini ya nyuzi 150. Kwenye bomba, jaza gesi ya argoni kwa ndani, la sivyo mgongo wa mshono utatoka mweusi, wenye kukwaruza kama makaa.

Hatua 5: Ondoa rangi. Bluu na kijivu ni dalili kwamba kromi ya juu imepungua. Paka dawa ya asidi, kisha suuza kwa maji mengi. Nyingi zina asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi kabla hujasikia maumivu: glavu, miwani na hewa ya kutosha ni lazima.

Tanki la maji ya chumvi ya moto, zaidi ya nyuzi 60, ni habari nyingine. Kloridi ya chumvi na mvutano uliobaki ndani ya chuma hupasua hata 316L iliyochomwa vizuri. Hapo mimi huhamia dupleksi, aina nyingine ya stenlesi inayostahimili zaidi mpasuko huo.