Kumwandaa Mbwa kwa Mashindano ya Kucheza Muziki
Katika mashindano haya, wewe na mbwa wako hucheza pamoja huku wimbo ukipigwa. Kabla ya kuchagua wimbo, mtazame mbwa wako akikimbia polepole kando yako, kwa kuwa muziki ndio unaopaswa kuendana na hatua zake, wala si yeye kuukimbilia muziki. Kila mtindo, kama vile kuzunguka, kurudi kinyumenyume au kupita katikati ya miguu yako, ufundishwe peke yake pasipo muziki. Kwa kuzunguka, kwa mfano, shika kipande kidogo cha nyama mbele ya pua yake, kizungushe taratibu, na mara tu anapokamilisha duara, mpe. Baadaye punguza ishara ya mkono hadi ibaki ya kidole tu. Mbwa ambaye mifupa yake haijakomaa asisimamishwe kwa miguu ya nyuma, hata kama watazamaji hukishangilia sana kitendo hicho.