Cheti si kibali: jinsi fundi anavyoruhusiwa kufanya kazi penye mvuke wa petroli

Mwongozo huu ni wa fundi umeme, mchomeleaji au fundi mitambo anayetaka kuingia kwenye depo za mafuta, iwe Kurasini, Kigamboni au Mombasa. Wengi wakishamaliza kozi hudhani wamefika. Cheti kinasema umefundishwa, basi. Ruhusa ya kugusa kifaa ina mlolongo wake.

Hatua ya 1: Ijue petroli kwanza

Kinachowaka ni mvuke, na huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ukipungua hapo hauwaki, ukizidi hapo hauwaki. Ndiyo maana tangi lililomwagwa jana linatisha kuliko lililojaa: hewa imeingia, mabaki yapo, mchanganyiko unakaribia kukamilika. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya kwenye mitaro na mashimo ya vali. Na usijipe moyo kwamba leo hakuna jua; petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Kutokana na hayo eneo hugawanywa kanda. Kanda 0 ni pale mvuke upo muda wote au muda mrefu, kama ndani ya tangi juu ya mafuta. Kanda 1 ni pale unapotarajiwa mara kwa mara kazi ikiendelea kawaida, mfano karibu na tundu la kupumulia tangi. Kanda 2 ni pale ambapo si kawaida kutokea, na ukitokea haukai. Omba ramani ya kanda za depo yako. Wakikuambia haipo, hapo pana tatizo kubwa kuliko cheti chako.

Hatua ya 2: Chagua mafunzo yenye vitendo

Kozi ya siku moja ya kutazama slaidi na kupiga picha ya pamoja inatosha kwa mgeni anayepita getini. Kwa fundi haitoshi. Tafuta mahali utakapofungua kifaa kwa mikono yako na kupimwa ukiwa unatazamwa. Mifumo inayotambulika kimataifa ni CompEx ya Uingereza, ambayo cheti chake hudumu miaka 5, na IECEx, mfumo wa tume ya kimataifa ya viwango vya umeme (IEC).

Mtahini mzuri atakupa boksi lenye alama kama Ex db IIB T4 Gb akuulize inasema nini. Ex ni kifaa kilichotengenezwa kwa mahali penye hatari ya mlipuko, na Gb ni kiwango cha ulinzi kinachofaa Kanda 1. T4 ni kwamba uso wake hauzidi nyuzi 135. IIB ni kundi la gesi, na boksi la IIB linafaa pia kwa gesi za IIA, ambamo mvuke wa petroli umo. Hiyo "db" ndiyo inayowashinda wengi. Boksi la aina hii halizuii gesi kuingia. Mlipuko unaweza kutokea humo ndani, lakini moto unapopenya kwenye mwanya mwembamba kati ya mfuniko na boksi hupoa, hivyo ukifika nje hauwezi kuwasha chochote. Sasa fikiria fundi anayebandua mfuniko kwa bisibisi na kuukwaruza uso ule laini, au anayerudisha boliti 7 kati ya 8, au anayepaka silikoni "maji yasiingie". Boksi bado lina alama ya Ex, lakini ulinzi umekwisha.

Hatua ya 3: Pata uteuzi kwa maandishi

Peleka cheti kwa mwajiri pamoja na matokeo ya kupimwa afya. Barua ya uteuzi itaje kazi unazoruhusiwa, maeneo gani, na mpaka lini. Aliyeruhusiwa kukagua si lazima awe ameruhusiwa kukata kebo. Barua inayosema tu "ameidhinishwa kufanya kazi depo" irudishe, iandikwe upya.

Hatua ya 4: Siku ya kazi, chukua kibali

Kibali ni cha kazi hii, mahali hapa, saa hizi. Wewe na anayekitoa mkikitia saini muwe mmesimama penye kazi, si ofisini: bomba limezibwa kwa sahani ya chuma (vali iliyofungwa pekee haitoshi), swichi imefungwa kwa kufuli na ufunguo unao wewe. Simu ibaki getini, hata kama unaitaka kwa tochi tu. Jezi ya nailoni chini ya ovaroli pia iache nyumbani, kwa ajili ya umeme tuli.

Hatua ya 5: Pima gesi

1. Washa kipima gesi kwenye hewa safi. Oksijeni isome asilimia 20.9.
2. Kijaribu kwa gesi ya majaribio uone kinalia. Silikoni huua kihisi kimyakimya, nacho kitaendelea kuonyesha sifuri.
3. Soma oksijeni kwanza, kisha gesi ya kuwaka, kisha sumu. Vihisi vingi vya gesi ya kuwaka vinahitaji oksijeni ili visome sawasawa, kwa hiyo sifuri penye oksijeni haba haina maana yoyote.
4. Pima juu, katikati na chini, na uupe mpira wa kuvutia gesi muda wa kutosha.
5. Endelea kupima kazi ikiendelea. Tope la chini ya tangi likikorogwa huachia mvuke upya.

Skrini huonyesha asilimia ya kile kiwango cha chini cha kuwaka (ile 1.4 ya Hatua ya 1), si asilimia ya hewa. 10 kwenye skrini ni mvuke wa asilimia 0.14 tu, na hapo kazi ya moto, kama kuchomelea, ilishapaswa kusimama.

Hatua ya 6: Kabidhi zamu, funga kibali

Tarehe 6 Julai 1988, kwenye Piper Alpha, jukwaa la kuchimba mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, pampu ilikuwa imetolewa vali ya usalama kwa matengenezo. Zamu ya usiku haikupata habari hiyo, ikaiwasha. Walikufa watu 167. Kwa hiyo kabidhi kwa mdomo na kwa maandishi, mkiwa mmesimama mbele ya kifaa chenyewe.

Saa za kibali zikiisha, kimekufa. Kuongeza muda kunataka kipimo kipya cha gesi pamoja na saini. Baada ya kuchomelea, mlinzi wa moto abaki angalau nusu saa kabla kufuli halijatolewa, na kufuli litolewe na yule yule aliyelifunga.