SOMO: Kumtambua nguru, kanadi na wahuu kabla hujatoa pesa

Kila wiki picha ni ileile, samaki ndani ya karai, na swali "huyu ni nguru?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Tazama vipezi vidogo kati ya pezi la pili la mgongoni na mkia. Havipo? Huenda ni mzia.

2. Tazama pua. Wahuu ana pua ndefu, karibu nusu ya kichwa kizima.

3. Mstari wa ubavuni. Hapa ndipo watu hupigwa, kwa hiyo soma polepole. Kuna mstari mwembamba unaotoka nyuma ya matamvua hadi mkiani. Ufuate kwa kidole. Kwa nguru huenda sawa, kisha huporomoka ghafla chini ya mwisho wa pezi la pili. Kwa wahuu huporomoka mapema, chini ya pezi la kwanza. Kwa kanadi hauporomoki, huteremka taratibu tu kuelekea mkiani. ONYO: usihukumu kwa rangi. Milia ya wahuu hung'aa akiwa hai na hufifia akishakufa, na nguru mchanga huwa na madoa. Ukilazimika kutumia rangi, milia ya nguru husimama wima, ya kanadi hulala kwa urefu na kukatikakatika. ONYO la pili: samaki aliyekwisha kukatwa vipande, mwachie aliyemkata.

4. Bado una shaka? Inua pezi la kwanza, limejilaza kwenye mfereji wa mgongo, uhesabu miiba. Nguru 15 hadi 18, wahuu 23 hadi 27. Kanadi hatengwi na nguru kwa hesabu hii.

Kwa wapenda majina: nguru ni Scomberomorus commerson. Mwanasayansi Lacepède alimwandika mwaka 1800 kwa heshima ya Commerson, mtafiti wa viumbe, Mfaransa aliyefia Mauritius mwaka 1773. Kanadi, Scomberomorus plurilineatus, alisubiri hadi 1966. Wahuu, Acanthocybium solandri, yuko peke yake katika jenasi yake. Wote ni ukoo mmoja na jodari.

MASWALI

MwanaKisauni: Mkuu, huyu nimeuziwa Marikiti, ni nguru?
– Umepiga picha sufuria. Hatua ya 3, onyo la pili.

BintiKibokoni: Niliagiza kingfish Durban nikitaka nguru, nikaletewa kolekole. Nilidanganywa?
– Hukudanganywa, dada, na swali lako ni zuri. Afrika Kusini jina hilo ni la kolekole na jamaa zake. Nguru wetu wao humwita couta. Marekani ni binamu yake wa Atlantiki, Scomberomorus cavalla. Australia ni samaki wa ukoo mwingine kabisa. Wahindi wetu wakisema surmai, wanamtaka nguru. Na ukifika Oman uwe macho: wakisema kanad, wanamaanisha nguru, si huyu kanadi wetu. Ukinunua nje ya pwani hii, uliza jina la Kilatini.

NahodhaLikoni: Kilatini cha nini? Babu yangu alivua miaka yote na alisema wahuu ni nguru dume.
– Heshima kwa babu. Lakini wahuu jike wapo, na mayai yao tumboni. Pasua uone.

NahodhaLikoni: Basi anayewajua kwa ladha?
– Huyo ameshalipa.

BintiKibokoni: Na wa kupaka ni yupi?
– Nguru. Nyama ya wahuu ni kavu zaidi, ukimsahau motoni unatafuna ubao. Kichwa cha nguru usikitupe, kitie kwenye mchuzi wa nazi.

MamaSabiha: Niongeze, mwenye somo akiniruhusu. Awe nguru, awe jodari, mtie barafu tangu botini. Ukoo huu ukikaa juani hujijengea histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na moto hauiondoi. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinauma, mtu anasema ana mzio wa samaki.
– Umeruhusiwa, mama. Barafu iguse na tumbo, si mgongo pekee.

MwanaKisauni: Mkuu, kanadi naye anapakwa?
– Anapakwa. Safari hii mpige picha akiwa mzima.