Sinusi isiyosikia dawa: omba usaha uoteshwe

Hapa maabara Kirumba, Mwanza, watu huja na sinusi zilizovimba (sinusi ni mashimo ya hewa kwenye mifupa ya uso), paji linalogonga, mkononi boksi la tatu la amoksisilini. Hesabu siku kwanza. Chini ya 10, mara nyingi ni virusi. Antibayotiki ziache dukani.

Siku 10 zikipita na dawa haigusi, usibadilishe vidonge kwa kubahatisha. Omba usaha uoteshwe, yaani bakteria wake wakuzwe maabara wajulikane. Ila kijiti kikizungushwa mbele ya pua kinaokota stafilokoka, bakteria waliojikalia hapo bila kosa. Sampuli ya maana inatoka ndani, na huchukuliwa kwa kamera na daktari wa masikio, pua na koo.

Usaha unanuka, upande mmoja tu? Gonga meno ya juu taratibu kwa kijiko. Likiuma moja, sema. Huenda bakteria wasiopenda hewa wamepanda kutoka kwenye mzizi wake. Hewa huwaua, kwa hiyo usaha uletwe kwenye sirinji iliyofungwa, upesi. Ukichelewa nitaandika "hakuna kilichoota" na wamo.

Wenye kisukari au waliowahi kupasuliwa sinusi, ulizeni kuhusu bakteria aitwaye sudomonasi. Huyu anapenda maji, na amoksisilini haimfanyi kitu. Kuosha pua tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ya ziwani hapana, hata ya Capri Point yanayong'aa.

Uvimbe mgumu puani unaokua miezi na miezi ni habari nyingine: huenda ni rinoskleroma, ugonjwa unaoletwa na bakteria aina ya klebsiela. Hapo hukatwa kipande kidogo cha nyama kipimwe.

Jicho likivimba au shingo ikikakamaa, achana na maabara. Nenda hospitali usiku huohuo.