Namna ya kupima dawa ya chupa kwa soko mbele ya kutosha pesa

Ukienda soko ya Virunga hapa Goma, ukimukuta yule wa mikro anauzisha chupa moja ya tumbo, mgongo, minyoo na ya kuku pia, simama kwanza. Geuza chupa usome etiketi: ndani kuna nini, kiasi gani, inaisha lini? Kama ni "majani 40" bila majina, rudisha.

Hii mchezo ni ya zamani. Kule Marekani walikuwa banauzishia bakulima dawa ya "mafuta ya nyoka" ya muuzaji mumoja, Clark Stanley, serikali kuipima haikukuta nyoka, ni mafuta ya madini na mafuta kidogo ya ng'ombe na pilipili, akalipa faini dola 20, dola 20 tu! Dawa ya bamama ya Lydia Pinkham, ya kulekule, nayo ilikuwa na pombe karibu 18 kwa 100, njo maana bamama walikuwa banasikia muzuri.

Kampuni ya dawa ya J.R. Watkins, ya kulekule Marekani, ilianza 1868, yenyewe iliweka alama kwa chupa: dawa isiposhuka chini ya alama, unarudisha unapata pesa yako. Basi muulize wako: "Isiponisaidia, nirudishe?" Akicheka, enda zako. Ya kuku, jaribu kwa kuku moja kwanza. Ya mtoto usijaribu hata kidogo, mupeleke kwa kituo cha afya.