Tazama kwanza, tengeneza baadaye: sanaa na mazingira kwa watoto wa awali, Mtwara na Lindi

Watoto wa miaka 3 hadi 6 hawahitaji rangi za dukani wala vitabu vya kujaza rangi ili wafanye sanaa. Udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde, majani ya mkorosho, pwani wakati maji yamekupwa na manjano ya jikoni vinatosha mwaka mzima. Linalotakiwa ni mpangilio tu: kila kazi ya mikono itanguliwe na kitu halisi ambacho mtoto amekitazama, amekigusa au amekinusa. Mtoto anayeambiwa "chora samaki" huchora samaki wa ubaoni. Aliyekaa mbele ya changu mbichi kwenye sinia, akahesabu mapezi yake na kupapasa magamba, huchora samaki wake mwenyewe.

Ndiyo maana usiwachoree mfano. Mwalimu akishachora ubaoni, darasa zima litarudisha picha ya mwalimu, na wale ambao mikono yao bado haijakomaa watasema hawawezi.

Jongoo, kisha udongo

Mvua zikianza, Novemba kuelekea Desemba, jongoo huwa kila kona ya uwanja. Ni somo zuri la kuanzia. Mweke mmoja juu ya jani pana ndani ya sinia, watoto wasiozidi sita wakae kulizunguka. Hakikisha ni jongoo, si tandu. Jongoo ni wa mviringo, hutembea polepole, na karibu kila pingili yake ina jozi mbili za miguu. Tandu ni bapa, ana jozi moja kwa kila pingili, hukimbia na huuma. Jongoo akishtuka hujikunja na kutoa majimaji yanayoacha madoa vidoleni na kuwasha vibaya yakiingia machoni. Basi aguswe kwa ujiti wa fagio, na wote wanawe kwa sabuni baadaye, hata aliyetazama tu.

Uliza maswali ambayo jibu lake linaonekana palepale. Akifika ukingoni mwa sinia anafanya nini? Akijikunja, kichwa kinabaki nje au ndani? Dakika 10 zinatosha kwa mtoto wa miaka 3, 20 kwa wa miaka 5. Kisha mrudisheni alikotoka, na udongo uletwe wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Udongo wa mfinyanzi nunua kwa kina mama wanaofinyanga vyungu. Wao wanajua mahali pa kuchimba. Ukichimba mwenyewe, upime hivi: sokota kamba ya udongo nene kama penseli, izungushe kidoleni. Isipokatika, unafaa. Ikipasuka, udongo ni mkavu au una mchanga mwingi: ongeza maji kidogo ukande tena, na ikipasuka bado tafuta udongo mwingine. Ukinata mikononi, changanya sehemu 1 ya mchanga laini kwa sehemu 5 za udongo. Toa mawe na mizizi yote, ukande mpaka ulainike, kisha uufunge kwenye mfuko wa plastiki usiku mmoja. Siku ya kazi, mpe mtoto donge la ukubwa wa chungwa. Dogo kuliko hilo hukauka haraka mikononi na kuanza kumeguka kabla hajamaliza.

Tatizo kubwa ni miguu, mikono na masikio kudondoka vikikauka. Sababu ni kwamba vimebandikwa tu juu. Mfundishe mtoto kukwaruza sehemu zote mbili kwa ujiti, apake uji wa udongo (udongo uliolowekwa mpaka uwe mzito kama mtindi), kisha abane na kuzungusha kidogo. Nyufa husababishwa na sehemu nyembamba kukauka na kusinyaa kabla ya zile nene. Funika kazi kwa kitambaa chenye unyevunyevu siku ya kwanza, kisha ziache kivulini siku 4 hadi 7. Usizianike juani hata kama watoto wanakusumbua wazichukue nyumbani. Kuchoma si lazima. Kazi isiyochomwa ukiitia kwenye ndoo ya maji huyeyuka ikarudi kuwa udongo wa wiki ijayo.

Watoto wakishazoea, fanyeni mnara wa watu. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo uitwao ujamaa: watu wengi waliobebana na kushikana, wamechongwa katika gogo moja la mpingo. Ukiweza kuazima kinyago kimoja, kilete darasani kipite mkono kwa mkono, watoto wakitafuta kwa vidole nani amembeba nani. Kisha kila mtoto atengeneze mtu mmoja mnene mwenye miguu mifupi, na muwaunganishe kwa uji wa udongo kuzunguka kiini kinene cha udongo. Msizidi sentimita 20 kwenda juu, la sivyo wa chini watabonyea. Usiwaruhusu kuchonga mti kwa kisu katika umri huu. Udongo unawapa wazo lilelile bila jeraha.

Rangi zinazobadilika

Hili ndilo zoezi ambalo watoto huliomba tena na tena, na linafanyika popote palipo na jiko.

Koroga kijiko 1 cha chai cha manjano ya unga katika vijiko 3 vya chakula vya maji. Watoto wapake karatasi nzima, ikauke kabisa. Wewe mkubwa weka robo kijiko cha chai cha magadi kwenye kikombe cha maji. Watoto wachovye ujiti na kuchora juu ya ile njano: mstari unatokea mwekundu wa kahawia papo hapo. Tone la ndimu juu yake huirudisha njano. Ni jambo lilelile linalotokea nguo yenye doa la mchuzi wa manjano ikipakwa sabuni ya kipande, na watoto wengi wameshaliona nyumbani bila kuambiwa sababu: manjano hubadilika rangi yakikutana na vitu kama magadi na sabuni.

Choya nayo inafaa sana. Chemsha kiganja kimoja cha choya kavu katika nusu lita ya maji kwa dakika 10, chuja, ipoe. Gawa katika vifuniko vitatu vya chupa. Cha kwanza kiache, cha pili tia ndimu, kiwe chekundu cha kung'aa, cha tatu ongeza maji ya magadi tone kwa tone, kigeuke zambarau, kisha bluu au kijani. Wasubiri kati ya tone na tone. Wakimimina kwa mkupuo hatua za katikati zinapotea. Ile kijani haidumu, itakuwa kahawia baada ya muda mfupi, kwa hiyo wachore nayo mara moja. Maji ya magadi yabaki mkononi mwa mkubwa, watoto wapewe kidogo kidogo, maana yakiingia jichoni yanauma. Yakiingia, osha kwa maji safi mengi.

Rangi ya kudumu ni ya udongo. Ponda udongo mwekundu, ule wa kijivu wa bondeni, chokaa na mkaa, kila kimoja peke yake, kisha upitishe kwenye chujio la chai. Changanya sehemu 1 ya unga huo na sehemu 1 ya gundi ya muhogo, na maji mpaka itiririke. Bila gundi, picha ikikauka inapukutika ukiigusa. Gundi ikizidi, rangi inapasuka na karatasi inajikunja.

Gundi yenyewe: vijiko 2 vya chakula vya unga wa muhogo uukoroge kwanza katika robo kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha kikombe 1 cha maji, mimina mchanganyiko huku unakoroga, endelea kwa moto mdogo dakika 2 au 3 mpaka iwe nzito na kuanza kuonekana kama kioo. Anayetia unga mkavu kwenye maji ya moto hupata mabonge yasiyovunjika. Pika ya siku moja tu, maana huchacha upesi kwa joto la huku. Kwa brashi, ponda ncha ya kijiti kama mswaki, au funga nyuzi za makumbi kwenye ujiti.

Majani, na vya kuacha

Jani la mkorosho, la mkungu au la mwembe lililoanguka karibuni liwekwe chini ya karatasi, mishipa ikiangalia juu, kisha mtoto asugue kwa ubavu wa kipande cha mkaa au krayoni iliyovuliwa ganda. Ncha ya penseli hutoboa karatasi. Jani kavu huvunjika, na bichi lililochumwa sasa hivi hutoa utomvu, ndiyo maana tunaokota chini. Bamia iliyokatwa katikati ikichovywa kwenye rangi ya udongo hugonga mihuri ya nyota; tumia zilizokomaa ambazo haziliki tena.

Kabla ya kuwatoa watoto nje, pita wewe mwenyewe. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, ganda la korosho ghafi lina mafuta yanayounguza ngozi; mtoto asilipasue, asilichezee, wala lisitupwe motoni karibu naye, moshi wake unawasha. Bibo ni zuri kunusa na kuchora, ila mkubwa aitoe korosho kwanza, na watoto wavae nguo za zamani kwa sababu maji yake huacha madoa yasiyotoka. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nyonyo na mbono zina sumu. Zisitumike kwa shanga wala kuhesabia. Epuka upupu, viwavi wenye manyoya na mnyaa, ambao utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Kwa watoto wadogo zaidi, kitu chochote kinachopita katikati ya ule mrija wa karatasi ya chooni ni kidogo mno: kinaweza kuwapalia.

Pwani

Angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali, na kwa pwani yetu kwa kawaida huwa chini kabisa kuelekea saa 4 asubuhi, muda mzuri wa shule. Mfike kabla, na maji yakianza kugeuka mnaondoka, hata kama kazi haijaisha. Mkubwa mmoja kwa watoto wanne, viatu vya kufunika vidole, si kandambili.

Chukua beseni jeupe lenye maji ya bahari. Weka ndani mnyama mmoja kwa dakika chache, wamtazame, arudishwe palepale. Jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, kwa kuwa wa chini yake hufa juani. Wasiguse yavuyavu, wanyama wa miiba mirefu myeusi, wala konokono wenye umbo la pia, kwa kuwa baadhi yao huchoma kwa sumu. Ganda linaloonekana tupu huwa na kaa ndani mara nyingi, basi tuyaache yote. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma msiondoke na kitu. Michoro ifanyike kwenye mchanga mnyevu kwa vijiti vya makuti, mikubwa kuliko mtoto mwenyewe. Mkono unaochora kuanzia begani hujenga nguvu ambazo kalamu itazihitaji baadaye.

Mifupa ya Tendaguru

Watoto wa Lindi wanastahili kulijua hili mapema. Tendaguru, bara ya mji wa Lindi, kati ya 1909 na 1913 kulichimbuliwa mifupa ya dinosaria, kazi iliyofanywa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, kwa ajili ya msafara wa Wajerumani. Giraffatitan aliyetoka huko amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nyoosha kamba ya mita 13 uwanjani, watoto walale juu yake kichwa kwa miguu mpaka waijaze, kisha wahesabiwe.

Halafu wakandamize mfupa wa kuku uliochemshwa na kukaushwa, au jani lenye mishipa mikubwa, kwenye kipande cha udongo chenye unene wa kidole. Paka mafuta kidogo kwanza, la sivyo kitanata na kung'oka na udongo. Zifukie alama zilizokauka kwenye sanduku la mchanga, kina cha sentimita 10, na wachimbe kwa brashi za makumbi. Mchanga uwe mkavu. Ukilowa, udongo usiochomwa utayeyuka humo humo.

Picha za karatasi zitundike kwenye kamba kwa vibanio, mbali na ukuta wa udongo, kwa sababu mchwa huzifuata, na zilizopakwa gundi ya muhogo huvutia mende na panya. Zilizochorwa kwa manjano na choya zisikae mkabala na dirisha, jua huzififisha upesi. Nyuma ya kila moja andika jina, tarehe, na maneno ya mtoto mwenyewe kuhusu alichokichora, kama alivyoyasema.